Jasho lako si jasho la mjomba: kuingia thieta ukiwa mtu wa viganja vinavyovuja

Swali: "Shikamoo daktari. Mimi ni kijana wa miaka 27, fundi simu hapa Tanga. Tangu niko shule ya msingi viganja na nyayo zangu zinatoka jasho mpaka daftari lilikuwa linalowa. Wiki mbili zijazo nafanyiwa upasuaji wa ngiri. Mwaka juzi mjomba wangu alipasuliwa, usiku wake akatokwa jasho mpaka shuka likalowa, asubuhi akafariki. Mama anasema hili ni jambo la ukoo. Mimi natumia vidonge vya oksibutinini nilivyoandikiwa na daktari wa ngozi, vimenisaidia kiasi. Je, niwaambie hospitali, au watakataa kunipasua? Nitavuja jasho nikiwa nimelazwa usingizi? Na nikiwa huko huko, hawawezi kunikata huo mshipa wa jasho nimalizane nalo?"

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, maana ndani yake kuna jasho la aina mbili, na hofu yako imetokana na kuyachanganya. Jasho lako la viganjani ni moja. Lililomtoka mjomba usiku ule ni jingine. Kazi yangu ni ya usingizi. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekaa kichwani pa mgonjwa wakati wenzangu wanapasua, na nimeona jinsi ilivyo hatari jasho la pili likidhaniwa ni la kwanza.

Kwa hiyo waambie. Waambie siku ya kwanza, kabla hujavaa gauni la kijani. Hakuna daktari atakayekukataa kwa sababu ya viganja. Mimi nikiwa kichwani pako, jasho ni mojawapo ya dalili chache ambazo mwili uliolala bado unaweza kunionyesha. Nikijua lako la kila siku linatoka wapi na linaacha lini, nitalitambua mara moja lisilo lako. Usiponiambia, huenda nikahangaika na jasho lisilo na neno, au nikalipuuza lenye neno.

Tuanze na lako. Mwili una vitezi vya jasho kati ya milioni 2 na 4, na vimesongamana zaidi kwenye viganja na nyayo. Vya sehemu hizo havingoji joto tu, vinaamshwa na hisia: woga, mtihani, mgeni anayetaka kukupa mkono. Kwa watu kama wewe, mishipa ya fahamu inayoviamuru hupiga kelele kupita kiasi ingawa vitezi vyenyewe ni vizima. Hali hii huanza utotoni au wakati wa kubalehe, hushika pande zote mbili sawasawa, mara nyingi imo kwenye ukoo, na mtu akilala usingizi hukoma. Hilo la mwisho ndilo nataka ulihakikishe wiki hii. Mwambie ndugu unayelala naye chumba kimoja akushike mkono usiku wa manane. Ukiwa mkavu, ni dalili njema.

Lakini kama unaamka fulana imelowa kifuani na mgongoni, na ukichunguza unaona umepungua uzito, una kikohozi cha zaidi ya wiki mbili au homa za jioni, hilo si la viganja. Tunapima kifua kikuu kwanza, na ngiri inasubiri. Hali kadhalika kama moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, joto hulivumilii na shingoni kuna rovu. Tezi ya shingo iliyochachamaa ikiingizwa thieta bila kutulizwa kwa dawa inaweza kuua mtu mezani au usiku wake. Ngiri yako ya kupangiwa tarehe inaweza kusogezwa mwezi mmoja bila madhara. Isipokuwa ikikwama: uvimbe ukawa mgumu, unauma, haurudi ndani, na unatapika. Hapo usingoje tarehe wala usinywe dawa ya nyumbani, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Ndani ya thieta jasho linaleta kero ambazo kwa macho ya mtu wa nje ni ndogo. Nakumbuka kijana mmoja wa mkono uliovunjika. Tulimweka kanyula, kile kijimrija cha kuingizia dripu mshipani, nyuma ya kiganja cha mkono usiovunjika, tukabandika plasta, dripu ikawa inakwenda vizuri. Dakika kumi baadaye plasta imejikunja pembeni kama gome la mti mkavu, kanyula imechomoka nusu, na dawa inadondoka sakafuni badala ya kuingia kwenye mshipa. Tuliliona mapema, tukaweka nyingine. Tangu siku hiyo, kwa mtu mwenye viganja kama vyako siweki kanyula nyuma ya kiganja nikiwa na nafasi kwingine. Natafuta mshipa juu ya kifundo, kwenye kigasha. Nafuta kwa shashi kavu, kisha spiriti, na spiriti naiacha ikauke yenyewe bila kuipepea. Nabandika, halafu nazungusha bendeji nyepesi juu yake. Wewe mwenyewe unaweza kumwambia muuguzi: "Sista, mkono wangu unavuja, naomba uweke juu kidogo na uzungushie bendeji." Hatakuona mjuaji. Atakushukuru.

Vibandiko vya kufuatilia moyo navyo huteleza kwenye ngozi iliyolowa, kwa hiyo tunakausha na kuvibandika mabegani. Mgonjwa anayewekewa mpira wa kupumulia, mimi hufunga kwa utepe wa kitambaa unaozunguka shingo, sitegemei plasta ya usoni. Lile bamba la mashine ya umeme ya kuzuia damu lazima likae pakavu na ligusane lote na ngozi, la sivyo linaunguza. Na dawa ya kusafishia ngozi yenye spiriti isiachwe idimbwike kinenani au chini ya matako. Inahitaji angalau dakika tatu kukauka kabla ya kutandika mashuka, na kwenye nywele zaidi ya hapo, kwa sababu mvuke wa spiriti na cheche ya umeme ni moto. Haya ni ya kwetu sisi, lakini nakueleza ujue kwamba jasho lako linaweza kupangiwa kama tunavyopangia uzito au mzio.

La kwako ni hili: asubuhi ya upasuaji oga kwa sabuni, jikaushe vizuri, usijipake mafuta, poda wala dawa ya kwapa. Ile dawa ya kupaka ya kloridi ya alumini, kama unayo, iache siku hiyo. Na usijinyoe kinena kwa wembe nyumbani. Shirika la Afya Duniani lilishalisema mwaka 2016, wembe unaacha michubuko midogo ambamo vijidudu hupata nyumba. Pakihitaji kupunguzwa nywele, watapunguza kwa mashine.

Sasa vidonge vyako, ambavyo kwa maoni yangu ndivyo vyenye uzito kuliko jasho lenyewe. Mishipa inayoamuru jasho hutumia kemikali iitwayo asetilikolini, na oksibutinini huizuia. Lakini kemikali hiyo hiyo ndiyo inayokaza kibofu ili mkojo utoke. Kwa wanaume, mkojo kugoma baada ya upasuaji wa ngiri ni jambo tunaloliona mara kwa mara, hasa kwa aliyechomwa ganzi ya mgongo. Ukiongeza kidonge juu yake, unaweza kushinda hadi jioni kibofu kimejaa kama ngoma. Tena mwili uliozuiwa kutoa jasho hauwezi kujipoza, na sisi huenda tukakupa atropini, ambayo hufanya kazi ile ile ya kukausha. Kinywa kitakuwa kama kimejaa mchanga, moyo utaenda mbio, joto litapanda, na kumbe hakuna ugonjwa.

Njoo na pakiti yenyewe, usije na jina la kukumbuka. Mgonjwa wa ngiri mimi humwomba aruke kidonge cha asubuhi ile na asikirudie mpaka akojoe vizuri. Mtaalamu atakayekuona ana haki ya kuamua vinginevyo akishajua hali yako yote. Taja na dawa nyingine unazomeza, hata za kulala au za sonona. Setralini au fluoksetini peke yake huleta jasho, na ukichanganya na tramadoli, ambayo hospitali zetu hutoa sana kwa maumivu, unaweza kupata jasho, kutetemeka na moyo kwenda kasi. Tukijua mapema tunachagua dawa nyingine.

Kuna jambo moja linanikera, na nalisema wazi. Mgonjwa anaambiwa "usile wala kunywa kuanzia saa sita usiku", halafu anaingia thieta saa nane mchana. Kwa hali ya hewa ya Tanga, kwa mtu anayevuja jasho kwa woga, hiyo ni kumkausha. Mgonjwa wa kawaida anapaswa kuacha chakula muda wa saa sita kabla ya kulazwa usingizi, na maji matupu muda wa saa mbili kabla. Uliza waziwazi siku ya kliniki: "Maji naruhusiwa mpaka saa ngapi?" Ukiambiwa kunywa, kunywa. Ukiambiwa usinywe kwa sababu maalumu, tii. Maziwa, uji na juisi nzito havihesabiwi kuwa maji.

Umeuliza kama utavuja jasho ukiwa umelala. Viganja vyako, la. Jasho la hisia huondoka na fahamu, na mara nyingi dakika chache baada ya nusukaputi viganja vinakuwa vikavu. Ndiyo maana mgonjwa aliyelala akianza kutoka jasho nanyanyuka kwenye kiti. Najiuliza kama usingizi umekuwa mwepesi na maumivu yanamfikia. Kama hewa ya kaboni dayoksaidi imejaa kwa sababu hapumui vya kutosha. Kama sukari imeshuka. Kama tumemfunika mno.

Na mara chache sana kuna jambo jingine, ambalo neno la mama yako kuhusu ukoo limenikumbusha. Mwaka 1960 huko Melbourne, Australia, kijana wa miaka 21 aliletwa hospitali amevunjika mguu, lakini mguu haukumtisha kama nusukaputi, kwa sababu ndugu zake kumi walikufa baada ya kupewa etha, dawa ya usingizi ya zamani. Madaktari walimpa halotheni, dawa ya usingizi iliyokuwa mpya wakati ule. Muda mfupi baadaye presha ikaanguka, moyo ukaenda mbio na mwili ukawaka joto. Wakazima dawa, wakampoza kwa barafu, akapona. Daktari Michael Denborough akafuatilia ukoo ule, na hapo ndipo dunia ikajua kwamba kuna watu wanaorithi misuli inayowaka moto ikikutana na halotheni na dawa za jamii yake, au na suksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli. Hali hiyo ni adimu mno, lakini halotheni imetumika kwa miaka mingi kwenye hospitali za kwetu. Kijana yule alipona kwa sababu alisema na waliomsikiliza. Nawe sema: "Mjomba wangu alifariki asubuhi ya siku iliyofuata upasuaji." Ulivyoeleza, hadithi ya mjomba haifanani na hiyo, kwa kawaida mambo hayo hutokea thieta au muda mfupi baadaye, lakini ni swali la kuulizwa. Kwa ngiri, ganzi ya mgongo inalikwepa kabisa.

Ganzi ya mgongo huenda ndiyo utakayopewa. Miguu itakuwa mizito, ya moto na mikavu, kwa sababu sindano inazima pia mishipa ya jasho ya sehemu hiyo. Viganja vinaweza kuendelea kuvuja kwa kuwa uko macho, basi omba ushikishwe kitambaa. Ila ukisikia kichefuchefu, miayo isiyoisha, kizunguzungu na kijasho chembamba usoni, usijikaze kiume. Presha inashuka. Tamka, tunarekebisha kwa dawa ndani ya dakika moja au mbili.

Sasa mjomba, Mungu amrehemu. Siwezi kusema kilichomuua bila kuona faili. Naweza kukueleza jasho la namna ile huwa linasema nini, ili atakayekaa nawe wodini alijue.

Jasho la hatari baada ya upasuaji kwa kawaida ni la baridi. Gusa paji la uso: limelowa, na ngozi chini yake ni baridi kama samaki wa sokoni. Mgonjwa aliyepauka, ana kiu, hatulii, anajifunua na kusema "siko sawa", na mapigo yanakwenda mbio, huenda anavuja damu ndani hata kama bandeji juu ni nyeupe. Presha inaweza kuonekana nzuri mwanzoni na ikadanganya watu. Jasho lenye maumivu yanayokaba kifua au kukosa pumzi, fikiria moyo au bonge la damu mapafuni. Jasho la homa na baridi ya kutetemesha, tafuta maambukizi, na huku kwetu pima malaria pia. Jasho la siku ya pili au ya tatu kwa mtu anayetetemeka na kuanza kuona vitu visivyokuwepo ni la mnywaji aliyekatishwa pombe ghafla na hakutuambia.

Kuna mgonjwa mmoja simsahau. Mama wa makamo, ana kisukari na presha, kwenye hospitali niliyofanya kazi zamani. Alimeza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, alfajiri kama alivyozoea, hakuna aliyemkataza. Orodha ikasogea, saa nane mchana bado yuko benchi nje ya thieta, khanga yake imelowa mabegani. Watu wakasema ni woga. Nilipomshika mkono mapigo yalikuwa 72, shwari kabisa, na nusura nikubaliane nao. Kisha nikaona kwenye karatasi yake: anatumia atenololi, dawa ya presha. Dawa hiyo huficha mapigo ya haraka na mtetemo wa sukari iliyoshuka. Jasho hailifichi, kwa kuwa jasho linapita kwenye ile njia ya asetilikolini niliyokueleza. Tulipomchoma kidole sukari ilikuwa milimoli 2.1 kwa lita, wakati chini ya 3.9 tu tayari huhesabiwa kuwa imeshuka. Tukamsukumia glukosi kwenye mshipa. Baada ya dakika chache akafumbua macho vizuri, akauliza kwa nini khanga yake imelowa.

Kwa hiyo ndugu yako akae na maneno haya mdomoni: "Anatoka jasho la baridi, naomba apimwe mapigo, presha na sukari." Aite muuguzi saa ile ile, hata kama ni saa tisa usiku na hata kama ameshaita mara mbili.

Wodini, jasho lako la kawaida litataka matunzo madogo. Godoro nyingi za hospitali zimefunikwa mpira, na mgongo juu ya mpira hulowa hata kwa asiye na shida. Njoo na mashuka mawili ya pamba ya kubadilisha na khanga za kufutia. Kinena ni pa mkunjo, jasho linajikusanya na kuibandua bandeji. Ikilowa ibadilishwe kwa shashi safi, isifunikwe nailoni juu kwa kuogopa maji. Ukiruhusiwa kuoga, mara nyingi baada ya saa 48, acha maji yapite juu ya kidonda bila kusugua, halafu kausha kwa kugusagusa. Poda na kloridi ya alumini visisogee karibu na kidonda mpaka kifunge. Ukishuka kitandani mara ya kwanza baada ya ganzi, futa nyayo na uvae viatu vyenye mkanda, maana nyayo iliyolowa ndani ya kandambili, juu ya sakafu iliyopigwa deki, imeangusha wengi.

Kuhusu kukata mshipa: usiombe kifanyike siku moja na ngiri, wala usikimbilie. Upasuaji huo hufanywa kupitia kifuani, pafu moja likilegezwa ili kuifikia mishipa iliyo kando ya uti wa mgongo karibu na ubavu wa pili hadi wa nne. Viganja hukauka kweli, wengi wakiamka tu wanaona. Lakini jasho huweza kuhamia mgongoni, tumboni na mapajani, na kwa baadhi linakuwa kali kuliko la mwanzo, na halirudishiki. Fundi anayekaa kibandani kutwa na suruali iliyolowa anaweza kujuta kuliko aliyekuwa na viganja vyenye unyevu. Nyayo nazo mara nyingi hubaki vile vile.

Kabla ya hapo kuna njia nyingine. Kloridi ya alumini ya asilimia 20, inapakwa usiku juu ya ngozi kavu kabisa na kuoshwa asubuhi. Kuna kutia mikono kwenye maji ya bomba yanayopitishwa umeme mdogo, dakika kama ishirini, mara tatu kwa wiki mpaka viganja vikauke, kisha mara moja moja. Hilo lifanyike kwa mashine yake maalumu. Wewe ni fundi, najua utashawishika kutengeneza ya kwako, na nakuomba usithubutu kutumia umeme wa ukutani. Kama kwenye ngiri utawekewa wavu, ule ni wa plastiki, haukuzuii kutumia mashine hiyo. Zipo pia sindano za botulinamu, ambazo Marekani iliziidhinisha mwaka 2004 kwa jasho la kwapa. Kwenye viganja zinauma, zinaweza kulegeza mshiko wa vidole kwa muda, na baada ya miezi kadhaa jasho hurudi. Kwa mtu anayeshika bisibisi ndogo kama yako, ulipime hilo.

Siku ya kliniki ya usingizi nenda na pakiti ya vidonge, na mama aende nawe. Mwombe kwanza aende hospitali alikolazwa mjomba, akaombe muhtasari wa matibabu yake: dawa gani ya usingizi alipewa, saa ngapi jasho lilianza, alipimwa nini usiku ule. Karatasi hiyo mpe mtaalamu atakayekulaza.